Mwanafunzi akijichoma sindano saa tisa usiku, nani ana ufunguo?

Mwanafunzi wa uuguzi akiripoti wodini siku ya kwanza huulizwa mengi: sare imekamilika, saa ina mshale wa sekunde, kitabu cha mazoezi ya vitendo kiko wapi. Swali ambalo karibu haliulizwi ni hili: ukijichoma sindano iliyotumika kwa mgonjwa usiku wa leo, unakwenda wapi, na ufunguo wa kabati la dawa kinga ya VVU anao nani? Anayetaka kujua kama hospitali inawajali wauguzi wake asisubiri hotuba za Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani. Aulize swali hilo kwa mtu wa zamu ya usiku, asikilize atakavyojibu.

Aliyejichoma huambiwa ni mzembe. Mimi nasema mara nyingi tatizo liko kwenye mpangilio wa kazi. Chukua wodi ya wagonjwa 40, kila mmoja anapewa dawa ya sindano asubuhi na jioni. Hizo ni sindano 80 kwa siku. Sefti boksi, yaani boksi gumu la kutupia sindano zilizotumika, ya kawaida ya lita 5 hubeba mabomba kama 100 pamoja na sindano zake, na inatakiwa kufungwa ikifika robo tatu. Kwa hesabu hiyo boksi moja haimalizi siku mbili. Sasa angalia hali ilivyo saa kumi alfajiri: boksi imejaa mpaka mabomba yanachungulia mdomoni, na mtu aliyesimama tangu jana jioni anayasukuma kwa kiganja ili yake yaingie. Ajali hiyo ilianza mapema sana, pale boksi mpya zilipobaki stoo na stoo ikafungwa saa tisa na nusu alasiri. Mwenye zamu ya jioni alipaswa kukabidhiwa boksi tupu kama anavyokabidhiwa dawa na mitungi ya oksijeni.

Umbali nao unachoma. Boksi ikiwa kona ya mbali, mtu analazimika kutembea wodi nzima na sindano iliyotumika mkononi, na kwa kuogopa kumchoma mwenzake anaamua kuirudishia kifuniko. Hapo kidole cha mkono ulioshika kifuniko ndicho kinachoumia. Boksi ipande kwenye toroli, ifike kitandani pamoja na dawa. Na kama hakuna budi kurudishia kifuniko, kilaze juu ya sehemu bapa, mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo, chota kifuniko kwa ncha ya sindano, kisha kikaze kwa kukigandamiza mezani. Mkono wa pili haugusi chochote.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi hulifanya karibu kila siku na halikemewi inavyostahili. Wakishavuta damu kwa bomba, hushika tyubu, kile kichupa cha kupelekea damu maabara, kwa mkono wa kushoto na kutoboa mpira wake kwa mkono wa kulia. Mpira ni mgumu, sindano inateleza, na imejaa damu mbichi iliyotoka kwenye mshipa. Aina hiyo ya kuchomwa ndiyo mbaya zaidi: sindano yenye tundu, yenye damu inayoonekana, iliyotoka moja kwa moja kwenye mshipa. Simamisha tyubu kwenye raki. Kama raki hakuna, kikombe cha plastiki kilichowekewa pamba chini kinatosha kuishikilia. Kwenye kanula, kile kimrija cha plastiki kinachoachwa ndani ya mshipa, legeza kwanza mpira wa kufungia mkono, bana mshipa juu ya ncha ya kanula, ndipo uchomoe sindano ya ndani na kuitupa papo hapo. Usiilaze kwenye shuka hata kwa sekunde mbili, maana atakayetandika kitanda hicho asubuhi hataiona.

Ikishatokea, dakika za kwanza ni za maji na sabuni tu. Vua glavu, weka jeraha chini ya maji yanayotiririka, osha kwa sabuni. Usilikamue, usilinyonye, usilimwagie jiki wala spiriti. Nyama ikichubuka inazidi kufungua njia. Damu ikirukia jichoni, suuza kwa maji safi au maji ya chumvi ya dripu kwa dakika 10 na zaidi. Kisha, kabla hujasahau, andika saa, aina ya sindano, kina cha jeraha na mgonjwa iliyetoka kwake. Mgonjwa huyo aelezwe na kuombwa ridhaa ya kupimwa, kama mgonjwa mwingine yeyote.

Kutoka hapo saa zinahesabika. Dawa kinga ya VVU, ambayo wodini sote tunaiita PEP, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa chache, na baada ya saa 72 haianzishwi tena. Wengi wanaikariri hiyo 72 wakadhani ni muda wa kusubiri. Mtu kajichoma Ijumaa usiku, CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, imefungwa, anajiambia Jumatatu haiko mbali. Jumatatu asubuhi ameshapoteza zaidi ya saa 50, na foleni bado.

Hapo ndipo ninaposhikilia hoja yangu. Dozi ya kuanzia haifai kukaa CTC peke yake. Ikae kitengo cha dharura au ofisi ya muuguzi wa zamu, mahali penye mtu saa 24. Dozi ya kuanzia ni kidonge kimoja chenye tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50, na vidonge vya siku tatu tu vinamvusha mtu mpaka kliniki ifunguliwe. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utoaji wa PEP usogezwe hadi kwenye jamii na kwa wafamasia na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kama mhudumu wa kijijini anaweza kukabidhiwa jukumu hilo, muuguzi mwenye leseni anayeendesha wodi nzima usiku ananyimwa ufunguo kwa hoja gani?

Tunaogopa sana VVU, ilhali kuna kirusi kinachoambukiza kwa urahisi zaidi. Sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU asiyetumia dawa huambukiza kama mara 3 katika kila 1,000. Homa ya ini aina B, kwa asiye na kinga, huweza kuambukiza kuanzia watu 6 hadi 30 katika kila 100, kutegemea wingi wa kirusi kwa mgonjwa, na kirusi chake huweza kuishi kwenye damu iliyokauka kwa siku 7. Chanjo ipo: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita, kisha kipimo cha kinga mwezi mmoja au miwili baadaye. Fanya hesabu mwenyewe. Mwanafunzi anayechanjwa dozi ya kwanza wiki anayopelekwa wodini anaingia kazini bila kinga kamili. Chanjo ianze wiki anayosajiliwa chuoni, na asiyefikisha walau dozi mbili asishike sindano ya mgonjwa. Najua ratiba za vyuo zilivyobana. Ini halisubiri ratiba.

Halafu zinakuja siku 28, na sehemu hii haina anayeiongelea. Mwanafunzi anarudi hosteli na kichupa cha dawa kilekile anachopewa mtu anayeishi na VVU. Chumba kina vitanda sita. Anakificha ndani ya soksi, anameza akiwa chooni, na siku anayokosa faragha anaruka dozi. Wapo wanaoachia hapo, kabla hata kichefuchefu hakijawashinda. Apewe dawa kwenye bahasha au kichupa kisicho na maandishi, jambo ambalo halimgharimu mtu chochote. Aambiwe pia kwamba dolutegravir inaweza kukata usingizi, hivyo anayelala usiku aimeze asubuhi, na anayetoka zamu ya usiku aimeze anapoamka, si anapokwenda kulala. Anayetumia vidonge vya madini ya chuma au dawa ya kiungulia yenye magnesi ameze PEP saa 2 kabla ya hivyo au saa 6 baadaye. Apimwe homa ya ini B mwanzoni, kwa sababu tenofovir na lamivudine hukizuia kirusi hicho pia, na kwa mwenye nacho kusitisha dawa ghafla kunaweza kuiamsha homa hiyo ya ini vibaya. Kipimo cha VVU cha siku ya kwanza kinaonyesha tu hali yake kabla ya ajali. Vipimo vya wiki ya 6 na mwezi wa 3 ndivyo vinavyotoa jibu, na mpaka hapo kondomu ni lazima. Kwa binti wa miaka 20 mwenye mchumba, hayo ni mazungumzo mazito. Asiachwe ayabebe peke yake.

Kwa nini basi wengi hawaripoti? Kwa sababu anayepaswa kupewa taarifa ndiye anayesaini kitabu cha mazoezi. Mwanafunzi anajua kwamba akisema amejichoma, atasikia "kwani hamkufundishwa?" mbele ya wagonjwa, na wiki ijayo sahihi itakuwa ngumu kupatikana. Ananyamaza. Anafunga plasta, anavaa glavu juu yake, anaendelea na zamu. Majukumu haya mawili yatenganishwe: ajali ipelekwe kwa msimamizi wa kudhibiti maambukizi, ambaye hana mkono kwenye alama za mwanafunzi, na namba yake ya simu ibandikwe ukutani juu ya sinki. Waajiriwa walau wana sheria ya fidia kwa wafanyakazi inayowatambua. Mwanafunzi hana mkataba wa ajira, kwa hiyo chuo na hospitali waandikiane mapema nani atagharamia nini.

Lakini hata kabla ya karatasi hizo kusainiwa, yule sista aliyeko zamu ana jambo analoweza kulifanya usiku huu huu. Mwanafunzi akija na kidole amekikunja ndani ya kiganja, sauti imekauka, akasema, "Sista, nimejichoma," jibu ni fupi: "Kanawe kwa sabuni. Mgonjwa wako namalizia mimi. Ukirudi tunakwenda wote dharura."