Mjumbe Kala Sumu

Mbwa wangu anaitwa Mjumbe. Jina alipewa na mtaa, si mimi. Tangu akiwa mdogo alikuwa na tabia ya kupita nyumba hadi nyumba kila asubuhi, anasimama mlangoni, anachungulia, anaondoka, utadhani anahesabu watu. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee wa bakora na daftari, aliposikia jina hilo alicheka. Alicheka mara moja tu. Siku alipopita akasikia mke wangu anafoka, "Mjumbe, toka jikoni, mwizi mkubwa we!", hakucheka tena.

Basi tukaendelea kuishi hivyo hapa Isevya, mjini Tabora, hadi Jumapili moja ya msimu wa maembe.

Ilikuwa kama saa tisa alasiri. Nimekaa barazani natafuna matobolwa, nikamwona Mjumbe anarudi. Anakuja kiubavuubavu. Miguu ya mbele inaelekea nyumbani, ya nyuma inaelekea stesheni. Akafika kwenye mwembe, akataka kuuegemea, akaukosa, akaanguka. Akainuka, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka tulisoma wote shule gani. Mate yalikuwa yanamning'inia, uzi mrefu mweupe uliofika mpaka kwenye vumbi na haukatiki. Kisha akatapika.

Sasa, asubuhi ile ile alikuwa amepita kijana wa kipaza sauti: "Dawa ya panya! Dawa ya mende! Kunguni, viroboto!" Nusu ya mtaa walinunua. Akili yangu ikajumlisha yenyewe bila kuomba ruhusa. Nikatoka mbio hadi barabarani nikapiga yowe:

"Jamani njooni! Mjumbe kala sumu! Mjumbe anakufa!"

Walikuja watu ambao sikujua kama tunaishi nao mtaa mmoja. Akina mama wamejifunga khanga viunoni, wengine kilio wamekianzia huko huko kwao. Mtani wangu Mzaramo mwenye genge, ambaye Mnyamwezi akifa kwake ni sikukuu, alifika anauliza baiskeli ya marehemu anaachiwa nani. Bwana mmoja alishaanza kueleza kwamba marehemu alikuwa na ugomvi wa mpaka wa kiwanja, na wabaya wake yeye anawajua kwa majina.

Walipoona ni mbwa, nusu walinitukana wakaondoka. Nusu iliyobaki wakawa madaktari.

"Mpe maziwa." "Maziwa peke yake hayatoshi, mpe mafuta ya karanga, sumu iteleze." "Ponda mkaa." "Yai bichi!" "Maji ya chumvi, atapike yote!" Nikampanua mdomo kwa mikono yangu miwili, jirani akamimina kikombe kizima cha maziwa. Kidogo yaliingia, mengine yakatokea puani, Mjumbe akakohoa, na mimi nikabaki mweupe kuanzia kifuani hadi magotini. Jirani mwingine alikuwa anakuja na chupa ya mafuta ndipo mtoto mmoja akasema, taratibu tu, "Isije ikawa kichaa cha mbwa."

Uwanja ulibaki mtupu. Mwenye mafuta alikuwa juu ya mwembe, na chupa yake.

Mke wangu, mtu pekee mwenye akili siku ile, akanipa simu. Alishampigia daktari wa mifugo.

"Daktari, Mjumbe wetu kala sumu! Anatapika, anayumba!"

"Pole sana, lakini mimi natibu mifugo. Mkimbizeni hospitali."

"Ana mkia, daktari."

Kimya. Kisha akaanza kuuliza, na aliuliza kwa utulivu ulioniudhi. Ana uzito gani? Kama kilo 18. Kachanjwa kichaa cha mbwa? Kachanjwa, kadi ipo. "Una bahati, maana umeingiza mikono mdomoni." Fizi zina rangi gani? Nikainua mdomo nikaangalia: waridi. Mboni za macho? Kubwa tu. Pakiti ya sumu umeiona? Sijaiona.

"Sikiliza," akasema. "Zile sumu za panya zilizozoeleka huzuia damu kuganda. Mbwa akila leo, leo anacheza. Utamwona ameishiwa nguvu siku ya tatu, ya nne, fizi nyeupe, damu puani. Sumu hizo zina dawa yake, vitamini K1, ukiwahi. Zile za kuulia wadudu ndizo za mate mengi na kutetemeka ndani ya muda mfupi, na mara nyingi mboni husinyaa kama tundu la sindano. Huyu wako simwelewi. Umempa kitu?"

"Maziwa."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Na nini tena?"

"Mafuta. Ila bado yako juu ya mwembe."

"Yabaki huko huko. Mnyama anayeyumba ukimnywesha kwa nguvu, yanaingia mapafuni, unamuua kabla ya hiyo sumu. Chumvi usiguse. Usimtapishe. Mfunike, mlaze kwa ubavu, umlete sasa hivi. Na matapishi uyalete kwenye kopo."

Kwenye bajaji nilikaa na mbwa mapajani na kopo mkononi. Kila tulipokutana na abiria kituoni, dereva alitangaza bure bila kuombwa: "Mjumbe wa Isevya huyu! Kazidiwa!"

Daktari alifungua kopo, akanusa. Akanitazama mimi. Akanusa tena.

"Hebu na wewe."

Nikainamisha pua. Uchachu, na nyuma ya uchachu utamu wa asali. Mimi ni mzaliwa wa Tabora; harufu ile niliijua kabla sijajua kusoma.

"Wanzuki," nikasema.

"Tena mwingi," akasema.

Nikaangua kicheko. Yeye hakucheka hata kidogo. Akaniambia pombe kwa mbwa ni sumu kama nyingine: mwili mdogo, joto linashuka, sukari inashuka, pumzi zinapungua, na anaweza kupaliwa na matapishi yake usingizini. Akamtundikia dripu, akamfunga blanketi, na mimi nikakaa hadi saa tatu usiku nasikiliza mbwa akikoroma. Bili sitaitaja. Kwa hela ile ningelewa mimi, na heshima ingebaki.

Tuliporudi, nikamkuta mzee mjumbe, yule wa bakora, amejikunyata barazani kwangu gizani.

"Kijana wangu, niokoe."

Kumbe mkewe alikuwa amepika ndoo nzima ya wanzuki kwa ajili ya wageni watakaoleta mahari. Ametoka kanisani kakuta imekauka. Hajakaa sawa, mtu wa kituoni akampa habari: Mjumbe kalewa chakari, kapitishwa na bajaji. Tangu jioni mzee amenyimwa chakula na mlango.

"Twende na huyo mnyama," akasema, "akatoe ushahidi."

Tukaenda. Mjumbe, kichwa kinamuuma wazi, alipofika uani kwao hakuuliza njia. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akatumbukiza kichwa kwenye ndoo, akaanza kuramba kitako.

"Unaona!" mzee akapaza sauti, bakora juu. "Unaona mwenyewe!"

Mama akamtazama mbwa. Akamtazama mumewe. Akainama akaokota mfuniko wa ndoo, ile mifuniko ya kubana ambayo mimi naifungua kwa ncha ya kisu, akaugeuzageuza mkononi.

"Haya, mbwa kanywa," akasema. "Na mfuniko kafungua nani?"

Mjumbe akainamisha kichwa. Yule wa miguu minne aliendelea kuramba.