Tuonyesheni Nukta, Michoro Inatosha

Ile picha ya sayari ya bluu yenye mawingu meupe na bahari inayong'aa, inayosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba wanasayansi wamepata dunia nyingine, si picha. Ni mchoro. Msanii amepewa ukubwa wa sayari na umbali wake kutoka kwenye nyota yake, mengine akayabuni. Simlaumu, maana mashirika ya anga huandika chini kabisa kwamba huo ni mchoro. Tatizo linaanza pale tunapokata ule mstari wa maelezo kabla ya kutuma. Nafundisha fizikia hapa Kigoma, na naona jinsi jambo hili linavyowaharibia wanafunzi hamu: wakishaona bahari ya bluu, picha ya kweli, ambayo ni nukta tu za mwanga, wanaiona takataka.

Na picha za kweli zipo. Sayari zaidi ya 6,000 zimethibitishwa nje ya mfumo wetu wa jua, lakini zilizopigwa picha moja kwa moja hazijafika hata mia. Nyingine tunazijua kwa ushahidi wa pembeni: nyota inafifia kidogo sayari inapokatiza mbele yake, au inayumba kwa kuvutwa na sayari hiyo.

Ugumu uko kwenye mwanga. Simama Kibirizi usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini ziwani. Taa utaziona hata zikiwa mbali, lakini mvuvi aliyekaa kando ya taa yake humwoni kabisa. Sayari iko katika hali hiyo hiyo, ila mbaya zaidi: kwa mwanga wa kawaida, Jua letu linaishinda Dunia kwa kung'aa mara bilioni 10 hivi. Kwa hiyo ndani ya darubini huwekwa kifaa cha kuziba mwanga wa nyota, koronagrafu, kilichobuniwa na Mfaransa Bernard Lyot miaka ya 1930 ili kutazama pembezoni mwa Jua bila kusubiri kupatwa. Kisha kuna kioo kinachojikunja na kujinyoosha mara mamia kwa sekunde kufuta mtikisiko wa hewa. Na wataalamu huchagua nyota changa, kwa sababu sayari zake bado zina joto la kuzaliwa na zinaonekana vizuri kwa miale ya infraredi, ile miale ya joto ambayo macho yetu hayaioni.

Ndivyo ilivyopatikana picha ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 2008 Christian Marois na wenzake, wakitumia darubini za Keck na Gemini kule Hawaii, walitangaza nukta tatu kando ya nyota HR 8799. Mwaka 2010 ikaongezeka ya nne. Zote ni sayari kubwa, kila moja ina uzito unaozidi wa Mshtarii mara kadhaa. Nyota hiyo iko umbali wa miaka ya nuru 133 hivi, yaani nuru yake huchukua miaka 133 hivi kutufikia. Nuru iliyonaswa kwenye picha ile ya 2008 ilianza safari miaka michache tu baada ya Stanley kumkuta Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871. Nikiwaza hilo nasisimka mpaka leo.

Niliwaonyesha Kidato cha Tatu picha ya mfumo huo yenye nukta zote nne. Binti mmoja akasogea mpaka mbele, akaweka kidole katikati ya picha, penye alama ndogo ya nyota. "Mwalimu, mbona hii imechorwa na zile nne hazijachorwa?" Kaona mwenyewe. Nyota imezibwa, mwanga wake ukaondolewa, alama ikawekwa mahali pake. Zile nne ndizo zilizopigwa. Sijawahi kusikia swali la namna hiyo likitoka kwenye mchoro wa bahari ya bluu.

Nukta nayo inaweza kudanganya, na hilo ni la kufundisha pia. Mwaka huo huo wa 2008 ilitangazwa sayari kando ya Fomalhaut, nyota angavu tunayoiona vizuri kabisa kutoka huku, kwa picha za darubini ya Hubble. Ile nukta ikaendelea kufifia na kutanuka mwaka hadi mwaka, na mwaka 2020 watafiti wakaeleza kwamba inaelekea kuwa wingu la vumbi la magimba mawili yaliyogongana. Picha zilizopigwa tena na tena ndizo zilizosahihisha. Mchoro ungebaki mzuri vile vile milele.

Ombi langu kwa wenye kurasa za sayansi kwa Kiswahili ni dogo: mkiweka mchoro, andikeni MCHORO juu yake kwa herufi kubwa, na picha ya kweli iwe kando yake hata kama ni nukta tupu.

Kwa walimu wenzangu nina zoezi. Chukueni picha za HR 8799 za mwaka 2009 na 2016, muzichapishe kwa ukubwa mmoja. Mfumo ule tunautazama karibu kutokea juu, kwa hiyo protrakta inafanya kazi. Wanafunzi waweke kitovu kwenye alama ya nyota, wapime nukta ya ndani kabisa imezunguka nyuzi ngapi kwa miaka saba, kisha watafute nyuzi 360 zingechukua miaka mingapi. Wakipima vizuri watapata miaka kama 45.