Kabla hujamuuliza Mkatoliki kama amempokea Yesu

Hapa Tabora, kila ukiisha msiba au harusi yenye misa, mazungumzo ya nje ya kanisa huwa ni yale yale. Ndugu wa Moravian, wa Anglikana na wa Kipentekoste walibaki kwenye benchi wakati wenzao wakipanga mstari kwenda kukomunika, na sasa wanasema wamebaguliwa. Mwingine huongeza neno zito zaidi: Wakatoliki wenyewe hawajampokea Yesu, wanapokea mkate tu. Malalamiko hayo mawili hutoka kinywani kwa pumzi moja, na naona yote mawili yanawakosea Wakatoliki haki. Mimi ni Mmoravian. Meza ya kanisa langu inawakaribisha washiriki wa makanisa mengine, na ninaipenda kwa hilo. Hata hivyo nadhani tunawahukumu jirani zetu kwa jambo ambalo hatujalisikiliza.

Ugomvi wenyewe tuliletewa. Wamisionari wa London Missionary Society, Waprotestanti wa Uingereza, walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, wakafika mji huo huo mapema 1879. Kila kundi lilikuja na Matengenezo ya Ulaya, ule mgawanyiko wa Wakatoliki na Waprotestanti wa karne ya 16, yameshafungwa kwenye mizigo. Urambo, kituo cha hao wa London, kilikabidhiwa kwa Wamoravian mwaka 1898, na ndiyo sababu mkoa huu una Wamoravian wengi na Wakatoliki wengi wanaooana, wanaozikana, na wanaotengana dakika ishirini tu ndani ya misa.

Tuanze na lile zito. Mtu aliyeokoka anapouliza "Umempokea Yesu?" anauliza kuhusu siku fulani: siku uliyotubu, ukamkiri kwa kinywa na kumwamini moyoni, kama Warumi 10:9 inavyosema. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea hadi Tanganyika ulitufundisha kuuliza hivyo, na ulibadilisha maisha ya watu wengi kwelikweli. Mkatoliki akiulizwa, mara nyingi hana siku ya kutaja. Alibatizwa akiwa mchanga, akapata Komunyo ya kwanza akiwa shule ya msingi, kisha kipaimara. Anasitasita, na yule aliyeuliza anaondoka akiwa na jibu alilokuja nalo.

Lakini sikiliza maneno anayosema Mkatoliki huyo kila Jumapili, muda mfupi kabla ya kwenda mbele: "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona." Yanatokana na maneno ya yule akida wa Kapernaumu katika Mathayo 8. Kinachokosekana humo ni nini? Kuna kukiri kutostahili. Kuna kutegemea neno la Kristo peke yake, bila kutaja tendo jema hata moja. Kuna kumngoja aingie. Kisha anafika mbele, anaambiwa "Mwili wa Kristo", na anajibu "Amina", kwa sauti, mbele ya watu. Sisi tungekuwa na mtu aliyesimama mkutanoni akatamka hayo na kuyaamini, tungeandika jina lake na kumpangia mafundisho ya ubatizo. Mkatoliki anayafanya maisha yake yote. Tofauti iliyopo ni kama ya wanandoa wawili, mmoja anayeisimulia siku ya arusi yake na mwingine anayeikumbuka kwa kukaa mezani na mwenzake kila jioni. Huwezi kumwambia huyu wa pili kwamba hakuoa.

Tena Kanisa Katoliki halifundishi kwamba hostia, ule mkate wa Komunyo, inafanya kazi kama dawa, ukimeza umepona hata usipoamini. Katekisimu inasema wazi kuwa matunda ya sakramenti yanategemea pia utayari wa anayepokea, na anayejua kuwa ana dhambi kubwa anatakiwa aanze na kitubio, yaani kuungama kwa padre. Paulo alisema hivyo hivyo kwa Wakorintho: mtu ajihoji mwenyewe kwanza. Wala misa haimsulubishi Kristo upya. Wanafundisha kuwa sadaka ni moja, ile ya msalaba.

Sasa ule mlango uliofungwa, yaani sisi tusio Wakatoliki kutoruhusiwa kukomunika kwao. Kama unaamini kwamba kilichomo mikononi mwa padre ni Kristo mwenyewe, na kwamba "Amina" yako ni ukiri wa imani hiyo na wa ushirika na askofu na Papa, basi kumpa mtu asiyeamini hivyo ni kumwalika aseme jambo asilolimaanisha. Mkatoliki hasemi kwamba wewe ni mtu mbaya. Anasema usilazimishwe kutamka usichokiamini. Na utaratibu huu ni wa zamani kuliko ugomvi wetu. Justin Martyr, mwalimu Mkristo wa karne ya pili, akiandika Roma karibu mwaka 155, alieleza kwamba chakula hiki hapewi ila yule anayeamini mafundisho, aliyebatizwa, na anayeishi kama Kristo alivyofundisha. Hapakuwa na Mprotestanti wa kubaguliwa wakati huo.

Hapa ndipo ninapowaomba Waprotestanti wenzangu tusimame kidogo, kwa sababu kuna miaka 444 ambayo hatuizungumzii. Mwaka 1529 Martin Luther wa Ujerumani na Huldrych Zwingli wa Uswisi, viongozi wa Matengenezo, walikutana Marburg, Ujerumani, kutafuta umoja. Waliandika hoja 15 na kukubaliana 14. Ya 15, kuhusu Meza ya Bwana, walipatana katika sehemu kubwa, wakakwama kwenye swali moja: je, mwili na damu ya Kristo vimo kweli katika mkate na divai? Luther alikuwa ameandika kwa chaki juu ya meza maneno ya Kilatini ya "huu ndio mwili wangu" na hakurudi nyuma. Zwingli alijibu kwa Yohana 6:63, "Roho ndiyo itiayo uzima, mwili haufai kitu." Waliachana bila kula meza moja. Makanisa mengi ya Kilutheri na ya Kireformed (yale ya upande wa Zwingli) ya Ulaya yalikuja kutangaza ushirika wa meza mwaka 1973, kwa Mapatano ya Leuenberg. Hesabu mwenyewe. Kwa karne nne na zaidi, watu waliokubaliana juu ya neema, juu ya imani, juu ya Maandiko, na waliomkataa Papa kwa sauti moja, wengi wao hawakuweza kutangaza meza moja kwa sababu ya swali lile lile ambalo Mkatoliki analiuliza leo. Hakuna anayesema Luther alikuwa mbaguzi. Tunasema alishika dhamiri yake. Basi kwa nini dhamiri ya padre wa parokia iitwe kiburi?

Miaka hiyo inaonyesha jambo lingine: mstari haupiti kati ya Wakatoliki upande huu na Waprotestanti wote upande ule. Mlutheri wa KKKT anakiri mwili na damu ya kweli, na kwa hilo yuko karibu zaidi na padre kuliko na mchungaji wa Kipentekoste anayefundisha kuwa ni ukumbusho tu. Sisi Wamoravian tunakataa kulazimisha maelezo ya namna Kristo anavyokuwapo, ila tunasema yupo. Mizizi yetu yenyewe ni ya kikombe. Wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyechomwa moto mwaka 1415, walipigania walei wanywe divai na si padre peke yake. Na mwamko tunaouadhimisha kila tarehe 13 Agosti ulitokea mwaka 1727 katika ibada ya Meza ya Bwana huko Berthelsdorf, Ujerumani. Kanisa lenye historia hiyo haliwezi kusema Mkatoliki anakosea kuithamini meza.

Na sisi pia tuna mlango. Mshiriki aliyezaa nje ya ndoa, au anayeishi na mwenza bila ndoa ya kanisa, hutengwa, na hali Meza ya Bwana mpaka arudi kundini. Makanisa mengi ya Kiprotestanti ya nchi hii yanafanya hivyo. Tunauita nidhamu tukiwafanyia wetu.

Upande wa Kiprotestanti una hoja zake, na ya kwanza nakubaliana nayo kabisa: mtu anaweza kupita sakramenti zote na asikutane na Kristo hata mara moja. Tunawajua watu wa namna hiyo, waliokomunika asubuhi na jioni wakaenda kwa mganga kutafuta aliyewaroga. Kumwuliza mtu kama huyo ameamua nini mwenyewe ni kumsaidia. Wakatoliki wamelitambua hilo wenyewe. Papa Benedikto XVI aliandika mwaka 2005 kwamba Ukristo hauanzi na uamuzi wa kimaadili wala wazo kubwa, bali kukutana na nafsi, na Fransisko mwaka 2013 alimwalika kila Mkristo, popote alipo, aanze upya kukutana na Yesu binafsi. Ya pili ni Waebrania 10: sadaka mara moja tu, yatosha; na hapo nimeshaeleza kuwa Wakatoliki nao wanasema sadaka ni moja. Ya tatu ni kwamba meza ni ya Bwana, naye ndiye anayealika. Hoja hii inagusa moyo, ingawa haijibu nani anaruhusiwa kuusema mwaliko huo kwa niaba yake. Juu ya wokovu kwa neema, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kule Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Meza ilibaki pale pale.

Ugumu halisi wa msimamo wa Kikatoliki naona uko kwao wenyewe, ndani ya parokia zao. Tazama tena lile benchi. Hatukubaki peke yetu pale. Pembeni yetu wamekaa Wakatoliki, wengine kwa miaka mingi: wanaoishi uchumba sugu kwa sababu mahari haijaisha au pesa ya sherehe haijapatikana, wake wa pili, walioachwa wakaolewa tena. Wanaimba, wanatoa zaka, wanapika kwenye misiba ya jumuiya, na wanaishia kwenye Komunyo ya tamaa, yaani kumtamani Kristo moyoni bila kupokea hostia. Kisha kuna vigango, yale makanisa madogo ya vijijini yaliyo chini ya parokia. Huko ndani Kaliua au Sikonge, masika yakikata barabara, katekista anaongoza ibada ya Neno Jumapili baada ya Jumapili na padre hafiki. Seminari Kuu ya Kipalapala iko mkoani humu humu, lakini mapadre hawatoshi vigango.

Kadiri unavyosema Komunyo ndiyo kumpokea Kristo, ndivyo njaa ya watu hawa inavyokuwa nzito. Kwa Mpentekoste asiyepata mkate miezi sita, hakuna kilichovunjika, Neno analo. Mkatoliki hawezi kujibu hivyo. Anaamini Yohana 6:53, kwamba wasioula mwili wa Mwana wa Adamu hawana uzima ndani yao. Mwaka 304, Wakristo wa Abitinae, Afrika Kaskazini, waliuawa kwa kukusanyika kuadhimisha siku ya Bwana, nao waliwaambia mahakimu kwamba bila hiyo hawawezi. Sinodi ya Amazon ya mwaka 2019, mkutano wa maaskofu Wakatoliki kuhusu eneo hilo la Amerika Kusini, ilisikia kuwa kuna jumuiya zinazokaa miezi, hata miaka, bila Ekaristi, na ikapendekeza wanaume wenye familia na wanaofaa wapewe upadre katika maeneo ya mbali. Februari 2020 Papa Fransisko alitoa waraka wake bila kulipitisha pendekezo hilo.

Kwa hiyo mimi nimeacha kumwuliza jirani yangu Mkatoliki kama amempokea Yesu. Namwuliza kigango chao kilipata misa lini mara ya mwisho, na yule mama wa benchi la nyuma, ambaye mumewe bado hajamaliza mahari, wamemsaidiaje kufunga ndoa. Haya ni maswali yanayotoka ndani ya imani yake mwenyewe, na kila nikiyauliza tunazungumza mpaka giza linaingia.