Mkono Haukunyooka, Jibu Limefika

Mwalimu anauliza swali. Inanyooka mikono mitatu, ileile ya jana, na waliobaki wanainamia madaftari. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyepima vipindi vya sayansi, aliona kwamba mwalimu akishauliza husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kumtaja mtu mwingine au kujijibu mwenyewe. Walimu wakivuta subira hadi sekunde 3, majibu yanarefuka na waliozoea kunyamaza wanaanza kusema. Anayesoma kwa lugha ambayo bado anajifunza, akiwa anapanga maneno kichwani, sekunde 1 humwacha nje.

Hapo watetezi wa simu darasani, wanaotaka mwanafunzi ajibu kwa kuandika, wana hoja. Mwaka 2009 Monica Rankin, mhadhiri wa historia katika Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, aliwaruhusu wanafunzi wake wachangie mjadala kupitia Twitter. Katika darasa kubwa ambalo wengi wasingepata zamu ya kusema, waliandika. Ila ujumbe ulikuwa na kikomo cha herufi 140, na hoja ya historia haikai humo bila kukatwa miguu.

Upande wa pili nao si wa kubeza. Katika PISA ya mwaka 2022, tathmini ya kimataifa ya wanafunzi wa miaka 15, wastani wa asilimia 65 ya wanafunzi wa nchi za OECD (jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri) walisema vifaa vya kidijitali huwatoa kwenye somo angalau katika baadhi ya vipindi vya hisabati. Ufaransa ilikuwa imeshapitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika shule za msingi na za kati. Na asiye na simu, au aliyeishiwa chaji, anageuka mtazamaji.

Mimi naona tunachanganya vitu viwili. Kupiga kura kwa simu, yaani kila mwanafunzi kuchagua jibu la swali la mwalimu, ni jambo moja, kundi la WhatsApp la darasa ni jingine kabisa. Kundini mtoto anaandika jibu lenye kosa, emoji za kucheka zinamiminika, mmoja anapiga picha ya skrini, na jioni jibu lile bado linazungushwa. Kosa la mdomo husahaulika kengele ikilia. Kwa hiyo yule mwenye haya tuliyedhani tunamsaidia anaweza kunyamaza zaidi.

Kura nayo haitegemei simu. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza mwaka 1991 kuwataka wanafunzi wachague jibu kila mtu peke yake, wabishane na jirani, kisha wachague tena. Hata kadi za karatasi zinatosha. Simu inaongeza kasi ya kuhesabu, na pia inaficha jina mbele ya wenzake (afadhali mwalimu alione, la sivyo utani utajaa). Baada ya hapo simu zilale kifudifudi, maana kazi iliyobaki ni kumgeukia jirani aliyechagua B na kumuuliza kwa nini.