Kabla ya kujiambia "mimi ni mshindi", jigambe kwanza

Kwa miezi kama saba hivi kioo cha chumbani kwetu Tabata, Dar es Salaam, kilikuwa na karatasi ya njano nimeibandika na selotepu, juu imeandikwa kwa kalamu nyekundu MIMI NI NAMBA MOJA, chini yake PESA INANIPENDA, na kila asubuhi saa kumi na moja na nusu kabla sijatoka kugombania daladala nilikuwa nasimama pale na mswaki mdomoni nasoma mara kumi. Mdogo wangu ninayekaa naye alikuwa anajifunika shuka usoni ili nisimuone anacheka. Siku moja akaniuliza kwa upole kabisa, "dada, hiyo pesa inayokupenda, mbona haiji kukusalimia?" Nilimnunia siku mbili.

Kazi yangu ni kuuza bima. Za magari hasa, bima ndogo (inalipa hasara uliyomsababishia mwingine) na bima kubwa (inalipa mpaka gari lako mwenyewe), nazunguka magereji, yadi za magari, maduka ya Kariakoo, na nalipwa kwa kamisheni yani usipouza huli. Kama hujawahi kufanya hii kazi utadhani kinachochosha ni jua na miguu, wee, kinachochosha ni kukataliwa. Unakataliwa na watu kumi na tano kabla ya saa sita mchana, wengine hata hawakujibu, wanakupungia mkono tu kama wanafukuza kuku kwenye mpunga, alafu ukifika kwa wa kumi na sita inabidi utabasamu kama vile siku ndo inaanza. Kwahiyo naelewa kabisa kwanini watu wa mauzo tunapenda maneno ya kujipa moyo. Bila kitu cha kujisemea utarudi nyumbani saa nne asubuhi.

Kampuni ya kwanza niliyofanyia, jina silitaji, kila asubuhi tulikuwa tunasimama duara, kiongozi wa timu anapaza sauti "wewe ni nani?" tunajibu "mimi ni mshindi!", "pesa iko wapi?", "inakuja!", makofi matatu, tunatawanyika. Wiki za mwanzo nilikuwa natoka pale nimechaji kweli kweli. Alafu kamisheni ikachelewa mwezi mmoja, ikachelewa wa pili, na sisi bado tuko kwenye duara tunapiga kelele inakuja, mpaka dada mmoja niliyekuwa nasimama naye akaninong'oneza "inakuja kwa miguu kutoka Kigoma". Basi. Kuanzia siku ile kila nikisema "inakuja" nilikuwa najisikia mjinga, na ule ujinga nilikuwa naondoka nao mpaka kwa mteja. Kama shida ya ofisini ni hela za watu hazilipwi, kuwaimbisha wafanyakazi ni kumpa panadol mtu mwenye jino bovu, na bosi anayefanya hivo anajua anachofanya.

Najua mtaniambia maneno huumba. Nimekulia humo, mi ni mtu wa kanisani, nimeambiwa "mwambie jirani yako mwaka huu ni wako" mara nyingi kuliko nilivyoambiwa hongera, na Mithali 18:21 naijua kwa kichwa, mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Sigombani na hilo. Mtu anayekiri ahadi za Mungu anaongea na Mungu wake na anajua anamtegemea nani. Mi naongelea mtu anayeongea na kioo, anajiahidi mwenyewe kitu ambacho hana, na anategemea kioo kimlipe.

Na hii ya kioo wala sio ya watu wa Instagram, ni ya zamani. Kulikuwa na mfamasia Mfaransa anaitwa Émile Coué, alifariki 1926, huyu bwana aligundua kwamba akimpa mteja dawa na kumwambia maneno ya kuisifia ile dawa, mteja anapona vizuri zaidi kuliko akimpa kimya kimya. Akatoka na sentensi yake, kila siku, kwa kila namna, nazidi kuwa bora na bora zaidi, unaisema mara 20 asubuhi na mara 20 usiku, na ili usipoteze hesabu unashika kamba yenye mafundo 20, kama tasbihi. Ilivuma Ulaya na Marekani miaka ya 1920 kama vile saivi inavyovuma ya kuamka saa kumi usiku. Kiukweli sentensi yake naipenda kuliko ya karatasi yangu, maana yeye hakusema mimi ni namba moja, alisema nazidi. Mtu anayezidi anaweza kuwa wa mwisho leo na bado hajadanganya.

Maana tatizo liko hapo. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake kule Kanada walichapisha utafiti wao, waliwaweka watu waandike mawazo yao kwa dakika nne, wengine wakaambiwa kila kengele ikilia wajisemee "mimi ni mtu wa kupendwa". Waliokuwa wanajikubali tangu mwanzo wakajisikia vizuri kidogo. Wale wasiojikubali, ambao ndo hasa huwa wananunua hivi vitabu na kwenda kwenye semina, wakajisikia vibaya kuliko wenzao wasiojikubali ambao hawakusema kitu. Nilivyosoma hiyo nikakumbuka mswaki wangu. Mi nasema namba moja, kichwa kinajibu hapo hapo, mbona jana umerudi hujauza hata moja? Nasema pesa inanipenda, kichwa kinauliza na ule mkopo wa simu? Yani kila asubuhi nilikuwa najifungulia kesi mwenyewe na nashindwa mwenyewe, kabla hata sijanywa chai.

Sasa niwaambie nilipoiona dawa, na haikuwa kwa motivesheni spika yoyote.

Kwetu ni Bukoba, upande wa Missenyi. Kule kwetu Wahaya kuna kitu kinaitwa kwebuga, ndo yale majigambo tuliyosomaga sekondari kwenye fasihi simulizi tukayakariri kwa ajili ya mtihani tukayasahau. Zamani mashujaa walikuwa wanajigamba mbele ya mukama, yani mfalme, siku hizi imebaki kwenye harusi na sherehe. Nikiwa mdogo babu yangu alisimama kwenye harusi ya shangazi, mkuki mkononi, mguu mmoja mbele, akaanza kujitaja, mimi ni fulani mwana wa fulani, kwa kasi ambayo sijui alikuwa anapumulia wapi. Hakusema yeye ni bora hata mara moja. Alitaja vitu. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yalipoingia alivuka mto Kagera na watoto wanne na mbuzi saba kabla daraja la Kyaka halijalipuliwa. Alirudi akakuta nyumba imebaki kuta, akaiezeka upya. Alipanda kahawa, akasomesha.

Na alipofika kwenye mbuzi saba, mzee mmoja jirani aliyekuwa amekaa na kibuyu chake cha rubisi, pombe ya ndizi, akapaza sauti, "watano! Wawili walikuwa wangu!" Watu wakafa kwa kicheko. Babu hata hakubabaika, akarekebisha hapo hapo, mbuzi watano wangu na wawili wa huyu mlevi, akaendelea na mkuki wake.

Nimemfikiria sana yule mzee wa kibuyu. Kwenye majigambo huwezi kujipa sifa hewa kwasababu waliokaa pale wanakujua, walikuwepo. Kwahiyo unachosema kinakuwa na uzito hata kwako mwenyewe, ukimaliza kukitaja huhitaji kujilazimisha kukiamini, ulikifanya. Kioo cha Tabata hakina mzee wa kibuyu. Kioo kinakubali kila kitu.

Watu wakitaka kunibishia wananiletea bondia Muhammad Ali, si alikuwa anasema yeye ndo mkubwa kuliko wote na akawa kweli. Sawa, ila angalieni tarehe. Kabla hajampiga bingwa wa dunia Sonny Liston Februari 1964 na dunia nzima ikimuona mropokaji, huyo kijana wa miaka 22 alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya Roma 1960 na mapambano 19 ya ngumi za kulipwa hajapoteza hata moja. Huyo alikuwa anajigamba kihaya kabisa. Mi nilikuwa na bima ndogo nne za bodaboda na najiita namba moja.

Basi nikabandua ile karatasi, nikanunua kauntabuku. Kila jioni naandika nilichofanya siku hiyo, kilichofanyika kweli, hata kama ni kidogo cha aibu. "Leo nimeongea na watu 22." "Leo fundi wa mtaa wa Gerezani aliyenifukuza mara tatu kanipa kiti." "Leo nimemuelewesha mama mmoja tofauti ya bima ndogo na kubwa mpaka yeye ndo akamuelewesha mume wake kwenye simu." Asubuhi nasoma mistari mitatu minne kwa sauti, na nasimama kweli, mguu mmoja mbele, mkuki sina natumia mwamvuli. Naanza na jina langu la nyumbani ambalo mjini hapa halijui mtu. Kumbe hata hilo la jina lina wataalamu wake, Ethan Kross na wenzake walionesha mwaka 2014 kwamba mtu akiwa na stresi akajisemesha kwa jina lake, kama anamsemesha mtu mwingine, anatulia na anafanya vizuri zaidi kuliko akisema mimi mimi. Babu hakusoma hayo.

Kuna siku daftari halina kitu, siwadanganyi. Wiki nzima ya Novemba sikuuza. Siku kama hizo naandika ya nje ya kazi, kwamba Jumapili nimeishika alto ya kwaya peke yangu wenzangu wawili walipougua, kwamba ada ya mdogo wangu nimeimaliza. Mwanzo nilidhani najifariji tu lakini inasaidia, unaingia kwa mteja ukijua kwamba akikukataa amekataa bima, kwaya bado iko pale pale.

Na ile hofu ya mlangoni, tumbo likianza kucheza, niliacha kujiambia tulia. Nani amewahi kuambiwa tulia akatulia? Kuna utafiti wa Alison Wood Brooks wa Harvard, wa 2014, waliwapeleka watu kuimba karaoke, wale waliojisemea nina msisimko waliimba vizuri kuliko waliojisemea nina wasiwasi. Moyo unaenda mbio vile vile, ila umeupa jina lingine. Mi najisemea nina mzuka, nagonga hodi. Hii ndo sentensi pekee ya bila ushahidi niliyoibakiza, na kwa jinsi moyo unavyodunda sidhani kama ni uongo.

Mauzo yameongezeka? Yameongezeka kiasi, siwezi kusema ni daftari, nimehama kampuni pia na hii inalipa tarehe yake. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba asubuhi siondoki tena nimeshindwa kesi.

Juzi Alhamisi nimesimama na mwamvuli wangu, nimeshajitaja jina na ukoo, nikafika kwa sauti kubwa kabisa "niliyeuza bima kubwa tatu wiki hii!", ikatoka sauti ndani ya neti.

"Mbili, dada. Yule baba wa Prado hajalipa bado."

Nikachukua kalamu nikakata.