Nne Juu ya Kumi

Miaka tisa nilifundisha shule ya msingi hapa Lubumbashi, kule Katuba. Mshahara ulikuwa kama mgeni wa haraka: hauna taarifa ukija, na haukai. Shemeji aliponitafutia kazi ya usaidizi kwa wakili mmoja mjini, sikuuliza kazi yenyewe ikoje. Kusoma nasoma, kuandika naandika, kuna nini tena?

Siku ya tatu, Metre, ndivyo tunavyomwita wakili, akanitupia dosie mezani huku anavaa koti.

"Mwalimu, hizi piese zote uzikoti. Kesho tunaingia tribinali."

Kukoti! Moyo ukatulia. Kwa mwalimu wa Kongo, kukoti ni kusahihisha kopi za wanafunzi na kutoa alama. Kumbe kwa mawakili ni kuandika namba kwenye kila hati, moja, mbili, tatu, ili jaji akiambiwa "piese ya tano" aipate bila kupekua. Hilo nilikuja kulijua kesho yake saa nne, mbele ya watu.

Bic nyekundu nilikuwa nayo mfukoni. Mwalimu haiachi nyumbani.

Kesi ilikuwa ya kiwanja: wenyewe wawili, kiwanja kimoja, ugonjwa wa mji wetu. Ya kwanza ilikuwa sertifika ya mteja wetu, yaani hati ya kuandikishwa kwa kiwanja. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, bila sertifika haki ya kiwanja haisimami. Mimi nikaipa tano, fotokopi ilikuwa imefifia. Fish ya parseli, karatasi ya maelezo ya kiwanja, ambayo mbele ya sertifika ni mtoto mdogo tu, nikaipa nane. Mwandiko ulikuwa mzuri, jamani, herufi zimelala kwenye mstari kama watoto kwenye mkeka! Barua ya mteja ilikuwa na makosa kumi na moja ya Kifaransa; nikayasahihisha yote, bure.

Hati ya mauzo ndiyo iliyoniudhi. Chini yake kulikuwa na doa kubwa la wino. Nikapunguza alama mbili za usafi, nikaandika 4/10, na pembeni: "Karatasi chafu. Ujitahidi."

Lile doa lilikuwa dole gumba la muuzaji.

Nilipofika ya saba, umeme ukakatika. Nikafunga dosie, nikaenda kula bukari.

Asubuhi Metre alichelewa, akaibeba dosie bila kuifungua. Mahakamani, wakili wa upande wa pili akaomba kuiona kidogo. Akafunua. Akainama. Nikaona mabega yanatikisika ndani ya toge, joho la mawakili, nikadhani anakohoa.

"Bwana Prezida," akamwambia jaji, anajifuta macho, "sina haja ya kupinga hati ya mauzo. Konfreri, wakili mwenzangu mwenyewe, ameipa nne juu ya kumi."

Metre akageuka kuniangalia polepole, kama feni iliyopungukiwa na umeme. Mimi nikaangalia dari. Dari ile ina nyufa nyingi.

Jaji akavaa miwani, akaomba dosie. Akaisoma ukurasa kwa ukurasa, midomo imebanwa, ukumbi mzima kimya. Alipofika katikati akasimamisha kidole.

"Na hii ya saba, mbona haijakotiwa?"

Metre hakujibu. Miaka tisa ya kuulizwa na mainspekta haitoki mwilini kwa siku tatu. Nikajikuta nimesimama, mikono nyuma.

"Umeme ulikatika, Bwana Prezida."