Sidii za bei nafuu zinasingiziwa

Mteja akirudisha kwa mpiga video sidii ya kwanjula (sherehe ya Waganda ya kutambulishana kabla ya harusi) isiyosoma tena, lawama iko tayari: alichomea sidii za bei rahisi. Wauzaji wa Kampala nao husema hivyohivyo. Nadhani mara nyingi tunamhukumu asiyehusika.

Wanaotetea sidii ghali wana hoja. Nyingine zina tabaka la dhahabu, madini yasiyoshika kutu, ilhali fedha iliyo kwenye sidii nyingi huweza kuwa nyeusi ikifikiwa na hewa yenye salfa. Rangi inayochomwa na leza nayo hutofautiana: ipo inayovumilia mwanga na ipo inayopauka upesi. Ila hayo ni mambo ya ndani ya sidii, na jina la kwenye boksi halikuhakikishii. Majina mengi hayana kiwanda. Hununua kwa CMC Magnetics au Ritek za Taiwan, na yanaweza kubadilisha kiwanda boksi likibaki lilelile. Taiyo Yuden ya Japani, iliyoaminiwa kuliko zote, ilijitoa kwenye biashara hiyo mwaka 2015.

Sasa tazama tunavyozitunza. Wengi hulinda upande wa chini unaong'aa, wakati kwenye sidii kilichorekodiwa kiko juu, chini tu ya maandishi, kimefunikwa na vanishi nyembamba mno. Upande wa chini una plastiki ya zaidi ya milimita moja. Mkwaruzo wa huko mara nyingi husuguliwa ukaisha. Mkwaruzo wa juu huondoka na rekodi yenyewe. Na huko juu ndiko tunakoandika kwa kalamu ya bolipeni, ndiko tunakobandika stika yenye picha ya maharusi! Gundi huila vanishi taratibu, karatasi hunywa unyevu wa Entebbe ikavimba, na siku mtu akiibandua, tabaka la fedha hutoka nayo. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilionya dhidi ya stika hizo katika mwongozo wake wa mwaka 2003. Sidii ya dhahabu ukiibandika stika hiyo itabanduka vilevile. Ukiiacha kwenye dashibodi juani, nayo itaumia.

Dividii ni tofauti: rekodi yake iko katikati ya vipande viwili vya plastiki, kila kimoja milimita 0.6. Kwa hatari hii moja, basi, dividii ya bei nafuu iko salama kuliko sidii ya bei kubwa.

Kasoro ya kweli ya bidhaa rahisi ni kutolingana: pakiti hii nzuri, inayofuata mbovu. Tena ubovu hujificha, kwa sababu mashine husahihisha makosa madogo kimyakimya hadi yanapoizidi nguvu, na hapo sidii iliyocheza jana inakataa leo. Hili silipuuzi, na anayehifadhi rekodi za mahakama au za redio ana haki ya kulipa zaidi, mradi ajue analipia nini.

Mimi kwa video ya harusi ningenunua dividii mbili nafuu za viwanda viwili tofauti, nizichome bila haraka, nizijaribu zote kwenye mashine nyingine kabla ya kumkabidhi mteja, kisha nimwombe moja aiweke kwa wazazi kijijini. Pesa za sidii moja ya dhahabu ningezitumia hivyo.